Bia kali za watawa wa Ubelgiji: Westmalle, Chimay, Rochefort au Westvleteren?

Rafu ya bia katika duka lolote la Brussels inaweza kumchosha mtu kabla hajanunua kitu. Chupa ni ndogo na za kahawia, zimejaa picha za minara na herufi za kizamani, na nyingi zinadai undugu na watawa. Mnunuzi mgeni huamua kwa njia moja kati ya mbili. Ama anatazama asilimia ya kilevi na kuchukua iliyo juu zaidi, ama anaulizia ile aliyosikia inasifiwa kuwa bora duniani. Njia zote mbili humfikisha kwenye bia nzuri, lakini huenda si bia yake.

Hapa nalinganisha nne: Westmalle Tripel, Chimay Bleue, Rochefort 10 na Westvleteren 12. Zote hutengenezwa chini ya watawa wa Kitrapisti nchini Ubelgiji, na zote ni kali. Msimamo wangu nautoa mapema: nguvu si kitu kinachozitenganisha sana bia hizi. Kinachozitenganisha ni mwisho wake. Ukishameza, je, kinywa kinabaki kikavu na uchungu kidogo, kikitaka chakula? Au kinabaki na utamu mzito usiohitaji kitu kingine? Anayejua kati ya hayo mawili lipi linampendeza ameshamaliza nusu ya kazi.

Majina yasikuchanganye

"Trapisti" si jina la ladha. Ni jina la watu na mahali. Watrapisti ni tawi la Wasistersiani, watawa wanaofuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto kwa ukali zaidi, na jina lao limetokana na abasia, yaani monasteri, ya La Trappe huko Normandy, Ufaransa. Kanuni hiyo inawataka waishi kwa kazi ya mikono yao, na kwa baadhi yao kazi hiyo imekuwa bia.

Alama ya kutafuta kwenye chupa ni umbo dogo la pembe sita la chama cha kimataifa cha Watrapisti kilichoanzishwa 1997. Ili kuipata, bia lazima itengenezwe ndani ya kuta za abasia au jirani nayo kabisa, jumuiya ya watawa iwe ndiyo inayoamua mambo ya kiwanda, na mapato yatunze jumuiya na kazi zake za huruma badala ya kumtajirisha mwekezaji. Ubelgiji kwa sasa ina nyumba tano zenye alama hiyo kwenye bia: Westmalle, Chimay, Rochefort, Westvleteren na Orval. Achel ilikuwa ya sita, lakini iliipoteza mwaka 2021 baada ya watawa kuacha kuishi pale. Kwangu hilo ni ushahidi kwamba alama ina maana. Mitambo haikuondoka Achel, walioondoka ni watawa.

Leffe, Grimbergen na Affligem ni kundi jingine, zinaitwa bia za abasia. Zina historia au mkataba na abasia fulani, ila hutengenezwa na kampuni za kibiashara. Si kasoro ya ladha, ni tofauti ya asili tu, na anayelipa zaidi kwa ajili ya watawa anastahili kuijua.

Baada ya asili yanafuata madaraja. *Dubbel* ni bia ya kahawia ya kilevi cha asilimia 6 hadi 7 na nusu hivi. *Tripel* ni ya dhahabu, ya asilimia 8 hadi 10. *Quadrupel* ni nyeusi na nzito, mara nyingi kuanzia 9 kwenda juu. Jina hili la mwisho ni la juzi tu, tena limetoka ng'ambo ya mpaka, kwa watawa wa Koningshoeven karibu na Tilburg, Uholanzi, waliolitumia kwa bia yao ya La Trappe mwaka 1991. (Hao ndio walioanzisha monasteri ya Victoria kule Kipkelion, Kenya, mwaka 1956, ambayo watawa wake walihamia Uganda baada ya machafuko ya uchaguzi ya 2008.) Wabelgiji wenyewe hawalipendi sana neno hilo. Rochefort na Westvleteren hutumia namba.

Namba hizo huwapotosha wengi. Ni urithi wa kipimo cha kale cha Kibelgiji cha uzito wa maji ya kimea (nafaka iliyooteshwa na kukaushwa) kabla hayajachachuka, wala si asilimia ya kilevi. Ndiyo maana Rochefort 10 ina asilimia 11.3 huku Westvleteren 12 ikiwa na 10.2. Namba inasaidia ndani ya nyumba moja tu: Rochefort 6 ni nyepesi kuliko 8, na 8 ni nyepesi kuliko 10. Ukivuka kwenda nyumba nyingine, isahau.

Kwa nini Ubelgiji ikawa na bia kali namna hii? Sababu ni nyingi, lakini moja ni ya kisheria kabisa. Mwaka 1919 sheria iliyopewa jina la waziri Emile Vandervelde ilipiga marufuku kuuza pombe kali kwa glasi kwenye vilabu na mikahawa. Wanywaji waliozoea tone la jini wakawa wanatafuta kitu chenye joto kifuani, na bia nzito zikapata soko ambalo hazikuwa nalo. Sheria hiyo ilidumu hadi 1983, na bia zote nne tunazozilinganisha zilijijengea jina ndani ya miaka hiyo.

Vipimo nitakavyotumia

Kila bia naiuliza maswali yaleyale: ina rangi na povu gani, inanukia nini, inaanzaje na kumalizaje kinywani, nguvu yake inajionyesha au inajificha, inavumilia kuwekwa kwa muda gani, na je, unaweza kuipata bila kuhangaika. Halafu nasema inamfaa nani.

| Bia | Kilevi | Rangi | Mwisho |
|---|---|---|---|
| Westmalle Tripel | 9.5% | dhahabu | mkavu, uchungu safi |
| Chimay Bleue | 9% | kahawia iliyoiva | katikati, pilipili kidogo |
| Westvleteren 12 | 10.2% | kahawia nzito | mtamu kwanza, kisha unakauka |
| Rochefort 10 | 11.3% | karibu nyeusi | mtamu, mzito, wenye joto |

Westmalle Tripel

Abasia ya Westmalle iko upande wa kaskazini mashariki wa Antwerp. Watawa walifika 1794, nyumba ikapandishwa kuwa abasia ya Kitrapisti 1836, na bia ya kwanza ikapikwa mwaka huohuo. Tripel yenyewe ilitoka 1934. Mwaka 1956 Bruda Thomas aliirekebisha kwa kuongeza hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, na tangu hapo imebaki karibu vilevile. Karibu kila tripel unayoiona leo, iwe ya Ubelgiji au ya Marekani, inafuata njia iliyochongwa hapa.

Ukiimimina unapata dhahabu yenye ukungu kidogo na povu jeupe, zito, linaloacha alama kwenye glasi kadiri unavyokunywa. Harufu ni ndizi mbivu, ganda la chungwa, pilipili manga, na karafuu kwa mbali. Hakuna ndizi wala karafuu iliyotiwa humo. Hamira ya Kibelgiji, ikiachwa ifanye kazi kwenye joto la juu kuliko lile la bia za kawaida, huzalisha yenyewe viambata vilevile vinavyoipa ndizi na karafuu harufu zao. Mtu wa Pemba atavitambua kabla ya Mbelgiji.

Kinywani ndipo wengi hushangaa. Bia ya asilimia 9.5, iliyotiwa sukari, inawezaje kuwa kavu hivi? Sukari ndiyo inayoikausha. Kimea peke yake huacha utamu fulani ambao hamira haiwezi kuumaliza, na ukitaka kilevi kikubwa kwa kimea kitupu unapata kinywaji kizito kama uji. Sukari nyeupe huliwa yote na hamira. Inageuka kilevi na gesi, haiachi uzito nyuma. Kwa hiyo Westmalle inaanza na asali ya mbali, inapita kwa gesi nyingi, halafu hopsi zinafunga mlango kwa uchungu safi. Ukijua siri hii moja, utaelewa pia kwa nini bia nyeusi za hapa hazikwami kooni.

Nguvu yake inajificha, na hapo ndipo pa kujihadhari. Inateremka kwa urahisi wa bia ya asilimia tano. Kuhusu kuwekwa, mimi naipenda changa, ndani ya mwaka wa kwanza au wa pili, kabla hopsi hazijafifia. Ikikaa zaidi haiharibiki, inakuwa laini na yenye asali, lakini ule ukali wa mwisho unaondoka, na ndio niliouendea. Kuipata ni rahisi: maduka makubwa ya Ubelgiji huwa nayo, na mkahawa ulio mkabala na abasia huimimina pia ikiwa imechanganywa nusu kwa nusu na Dubbel.

Inamfaa asiyependa vinywaji vitamu, anayetaka bia ya kula nayo, na anayetoka kwenye laga akiogopa bia nyeusi. Haitamfurahisha anayetafuta chokoleti na matunda makavu.

Chimay Bleue

Abasia ya Scourmont, kusini karibu na mpaka wa Ufaransa, ilianzishwa 1850 na watawa waliotoka Westvleteren, na kiwanda chake kilianza 1862. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Padri Théodore, akisaidiwa na Jean De Clerck wa Chuo Kikuu cha Leuven, alitenga hamira ambayo hadi leo ndiyo roho ya bia za Chimay. Bleue ilianza kama bia ya Krismasi, watu wakaipenda, ikawa ya mwaka mzima. Kwa wasomaji wa Kongo kuna la ziada: watawa wa Scourmont ndio walioanzisha monasteri ya Mokoto, Kivu, mwaka 1954.

Rangi ni kahawia yenye wekundu ukiiinua kwenye mwanga, povu la rangi ya maziwa yaliyotiwa chai. Inanukia plamu, zabibu kavu, mkate ulioiva vizuri, na ile pilipili ya hamira ya Padri Théodore. Kinywani inaanza na karameli na matunda, lakini haikai hapo. Gesi ni nyingi, uzito ni wa wastani, na mwisho unakauka ukiwa na viungo. Ukiipanga kwenye mstari wa ukavu na utamu, inakaa katikati, na kwa sababu hiyo naiona kuwa mwalimu mzuri: baada ya chupa moja unajua kama utakwenda upande wa Westmalle au wa Rochefort.

Kuna wanaoibeza kwa kuwa inapatikana kila mahali, na wengine husema imepungua uzito ikilinganishwa na zamani. Sikubaliani na dharau hiyo. Bia inayosafirishwa nchi nyingi kiasi hiki na bado ikafika na harufu yake ni kazi kubwa. Chupa zinajazwa Baileux, kilomita chache kutoka abasia, ila upikaji uko ndani ya kuta.

Nguvu yake ni ya chini kuliko zote nne, asilimia 9, na unaihisi kama joto dogo mwishoni. Kwa kuwekwa ni hodari, hasa ile chupa kubwa ya mililita 750 iitwayo Grande Réserve, iliyozibwa kwa koki. Kadiri chupa inavyokuwa kubwa ndivyo bia inavyozeeka polepole, na baada ya miaka mitatu hadi mitano pilipili inapungua na tende na zabibu kavu zinapanda. Nunua mbili: moja ya leo, moja ya kusubiri.

Inamfaa anayeanza, anayenunulia watu wengi wa ladha mbalimbali, na aliye mbali na Ubelgiji, kwani hii ndiyo atakayoikuta. Inakwenda vizuri sana na jibini ya abasia hiyohiyo. Aliyezama tayari katika bia nyeusi nzito anaweza kuiona nyepesi.

Rochefort 10

Abasia ya Saint-Rémy huko Ardennes ni ya 1230. Ilianza kama nyumba ya watawa wa kike, wanaume wakaichukua karne ya 15, na habari za kupika bia pale zinarudi hadi 1595. Haifungui kiwanda chake kwa wageni. Mwishoni mwa 2010 moto mkubwa uliteketeza sehemu ya majengo, kiwanda kikanusurika. Maji yanatoka kwenye chemchemi ya Tridaine, ambayo watawa wameitetea kwa miaka mingi dhidi ya upanuzi wa machimbo ya chokaa ya jirani. Wanaopuuza umuhimu wa maji katika bia waitazame kesi hiyo.

Kuna namba tatu, na rangi ya kizibo ndiyo inayokuongoza: nyekundu kwa 6, kijani kwa 8, buluu kwa 10. Kumi ni karibu nyeusi, povu la kahawia hafifu. Usiiharakishe kuionja. Inapotoka kwenye friji ikiwa baridi inakuonyesha sukari na kilevi tu. Ikifika nyuzi 12 hadi 14 inafunguka: tini zilizokauka, chokoleti nyeusi, ganda la mkate, sukari guru, na giligilani ambayo kweli imetiwa ndani. Hii ndiyo bia ninayowashauri watu wainuse kwa muda kabla ya kuonja, kwani kila dakika kumi ndani ya glasi inabadilika.

Kinywani ni nzito, tamu, yenye joto linaloshuka hadi kifuani. Gesi ndiyo inayoiokoa isiwe sharubati, nayo ni nyingi kuliko unavyotarajia kwenye bia ya uzito huu. Mwisho ni mrefu: utamu, kakao, kisha kilevi ambacho hakijifichi. Kwa chupa changa kilevi hicho kinaweza kuwa kikali. Miaka miwili hadi mitano mahali pa baridi inakituliza, na kwa maoni yangu kati ya hizi nne hii ndiyo inayonufaika zaidi na subira, kwani ina utamu wa kutosha wa kuibeba.

Hesabu yake iangaliwe bila kuficha. Chupa ya mililita 330 kwa asilimia 11.3 ina mililita 37 hivi za kilevi tupu. Tusker, bia ya Kenya, ya nusu lita kwa asilimia 4.2 ina 21. Maana yake chupa moja ndogo ya Rochefort 10 inakaribia Tusker mbili. Gawaneni.

Inapatikana kwa urahisi Ubelgiji, na nje ya nchi katika maduka ya bia maalumu, kwa bei inayozidi Chimay kidogo. Inamfaa anayependa vitu vitamu na vizito, anayekunywa kidogo kidogo baada ya chakula cha jioni, na mwenye subira ya kuweka. Ni chaguo baya la kukata kiu.

Westvleteren 12

Abasia ya Saint Sixtus iko magharibi kabisa mwa Flanders, eneo la mashamba ya hopsi, si mbali na Ieper. Ilianza 1831, na upikaji ukafuata mwishoni mwa muongo huohuo. Watawa wa hapa wamekataa kwa miongo kuongeza uzalishaji. Wanapika kinachotosha kuendesha abasia, basi. Chupa zao zilijulikana kwa kutokuwa na lebo, kila kitu kikiandikwa kwenye kizibo: kijani kwa Blond ya asilimia 5.8, buluu kwa 8, njano kwa 12.

Mwaka 2005 wanachama wa tovuti moja ya Kimarekani ya kupima bia waliiweka 12 kileleni mwa dunia, na maisha ya abasia hiyo tulivu yakavurugika. Foleni za magari, simu zisizokatika, walanguzi. Kwa muda mrefu ulipaswa kupiga simu na kutoa namba ya gari lako. Tangu 2019 uagizaji umehamia mtandaoni. Kuuza tena ni kinyume cha masharti ya watawa, lakini utaikuta katika maduka ya watalii kwa bei iliyopandishwa mara kadhaa. Mara moja tu, 2012, waliiruhusu iuzwe nje kwa wingi, kwa sanduku maalumu la kuchangia ukarabati wa abasia.

Je, inastahili sifa hizo? Rangi ni kahawia nzito, povu laini la krimu. Harufu ni tende, zabibu kavu, sukari iliyoungua na chokoleti, bila giligilani ya Rochefort. Inaanza tamu na ya mviringo, halafu katikati inageuka, na mwisho unakauka kwa uchungu mdogo unaokufanya utake tena. Mgeuko huo ndio ubora wake. Bia chache za uzito huu zinaweza kuanza kama kitindamlo na kumaliza safi, na kilevi kimefumwa ndani kiasi kwamba asilimia 10.2 hazisikiki.

Ni bia bora sana, nasema bila kusita. Ila nasema pia kwamba umbali kati yake na Rochefort 10 ni wa ladha ya mtu, si wa ngazi. Vikiondolewa vizibo na glasi zikapangwa mezani bila majina, wapenzi wazoefu hugawanyika. Uhaba unaongeza utamu kichwani mwa mnywaji kabla bia haijafika kinywani.

Kwa kuwekwa, inavumilia miaka kumi na zaidi ikitunzwa vizuri, ingawa mimi naipenda kati ya mwaka wa kwanza na wa nne, ule mgeuko ukiwa bado mkali. Inamfaa anayeweza kusafiri hadi pale, akaketi katika mkahawa wa In de Vrede ulio mkabala na abasia na kuinywa kwa bei ya haki. Haimfai anayetaka kununua leo katika duka la karibu. Huyo amtafute ndugu yake: kuanzia 1946 hadi 1992 kiwanda cha St. Bernardus cha Watou, kijiji jirani, kilitengeneza bia za Westvleteren kwa leseni. Kilipopoteza leseni hakikuacha kazi. St. Bernardus Abt 12, asilimia 10, haina alama ya pembe sita, lakini kwa ladha iko karibu mno, ikiwa na matunda zaidi na utamu kidogo zaidi, na inapatikana bila foleni.

Ukitaka kuzionja zote siku moja

Anza na kavu umalizie na tamu: Westmalle, Chimay, Westvleteren, Rochefort. Ukigeuza mpangilio, Westmalle baada ya Rochefort itakuwa kama maji machungu, nayo haistahili aibu hiyo. Watu wanne wakigawana chupa moja ya kila aina, kila mmoja anapata kama mililita 80 za kila bia, na jumla ya kilevi chake inafika mililita 33, sawa na Tusker moja na nusu. Hicho ndicho kiasi cha kuonja. Zaidi ya hapo unakunywa tu.

Chupa zisimame wima siku nzima kabla. Zote huchachuka mara ya pili ndani ya chupa, na hamira hutulia chini. Mimina polepole kwa mkupuo mmoja, acha kidole kimoja cha bia chini pamoja na mashapo, kisha yaonje mashapo hayo peke yake ukipenda, hayana madhara. Glasi iwe pana yenye mguu. Friji isiwe kali: Westmalle nyuzi 8 hadi 10, nyeusi zote 10 hadi 14. Kula kipande cha mkate mtupu na maji katikati. Kwa kila glasi andika neno moja tu kuhusu mwisho, kavu au tamu, kabla hujaandika tunda lolote.

Aliye Mombasa, Dar au Muscat akumbuke kwamba joto la chumba cha pwani huzeesha bia kwa kasi mbaya. Harufu ya karatasi iliyolowa ndiyo dalili. Bila mahali pa baridi na giza, usiweke chupa kwa miaka. Nunua, tunza kwenye friji, kunywa.

Kulingana na hali yako

Hujawahi kunywa bia ya Kitrapisti hata moja: Chimay Bleue. Ikikushinda kwa utamu, rudi Westmalle. Ikikuacha ukitaka zaidi, nenda Rochefort, lakini upite kwanza kwenye 8 yenye asilimia 9.2, ambayo wengi, nami nikiwemo, huiona ina mizani nzuri kuliko 10.

Unataka kinywaji cha mezani: Westmalle Tripel, na hapa sina mashaka. Inakata mafuta ya kuku wa kuchoma, inapatana na samaki na tui la nazi, inavumilia limau na pilipili. Kwa nyama iliyopikwa muda mrefu, kama ile ya Kiflemi inayochemshwa ndani ya bia nyeusi, Chimay inafaa zaidi.

Ni zawadi kwa mtu usiyejua ladha yake: chupa kubwa ya Chimay. Mpokeaji anaweza kuifungua leo au kuiweka. Ikiwa unajua anapenda chokoleti na kahawa nzito, Rochefort 10. Kumnunulia Westvleteren kwa mlanguzi sishauri, kwani pesa nyingi kati ya hizo hazifiki kwa watawa.

Uko Ubelgiji kwa siku chache na una gari: nenda Westvleteren, ukiwa na mtu wa kuendesha asiyekunywa. Onja Blond yao pia, ambayo sifa za 12 zimeifunika bila haki. Bila gari, baki mjini na uulize St. Bernardus Abt 12.

Unajenga akiba ya nyumbani na una stoo ya baridi: Rochefort 10 kwa wingi, Grande Réserve chache, Westmalle ya kunywa tu.

Na kama umeonja nne hizi ukaona zote zina utamu usioupenda, hata Westmalle, usiwaache watawa bado. Tafuta Orval, asilimia 6.2, inayotiwa hopsi tena baada ya kuchachuka, pamoja na hamira ya porini, na kavu kuliko zote. Ni alama ileile ya pembe sita, lakini bia ya aina nyingine kabisa.